Barua Tatu za Bi Foibe

Sogeeni, na mwenye usingizi aazime macho kwa jirani, maana hadithi hii itawadai jibu.

Timu ya Luhangano ilikuwa na vijana watatu wa kutegemewa. Ngonyani, kipa, penalti kwake ilikuwa kazi bure. Haule, kiungo, alipitisha pasi hata pasipo na njia. Na Komba ndiye mfungaji. Akigusa mpira tu, watu wameshasimama. Angekosekana mmoja, fainali wangeisikia redioni.

Basi mwaka uleule, kila mmoja kwa siku yake, alimpiga mkewe mpaka akalazwa hospitali. Wala msinipimie kipigo kipi kilikuwa chepesi. Hakikuwepo.

Kesi zikapelekwa kamati ya nidhamu ya ligi, ambako Bi Foibe alikuwa katibu. Kamati ilikaa mara tatu, ikanywa chai mara tatu, na faili la kikao kilichopita haikulifungua hata mara moja.

Ngonyani aliitwa, akainamisha kichwa. "Nilimpiga. Sina la kujitetea." Akafungiwa msimu mzima.

Haule aliitwa, akakana mpaka jasho likamtoka. Mashahidi hawakutokea. Akafungiwa mechi tatu.

Kabla Komba hajaitwa, viongozi wa timu walishafika kwa mkewe na doti ya kitenge na maneno matamu. Mke akasema amesamehe. Komba akapewa onyo.

Barua zote tatu alizisaini Bi Foibe. Na kanuni ya ligi ni kwamba adhabu ikishasainiwa haiongezwi, hupunguzwa tu.

Wiki ya fainali Ngonyani akaja na rufaa.

"Shikamoo, mama. Kosa langu silikatai. Ila wenzangu wako mazoezini, mimi niko nje. Nimeadhibiwa kwa kupiga, au kwa kusema kweli?"

Aibu ikamshika Bi Foibe, kwani saini ilikuwa yake. Ngonyani alipotoka tu, akaingia Editruda, mkewe, mkono ungali kwenye bandeji.

"Mama, nimesikia mnataka kumfungulia ili alingane na wenzake. Na mimi nilingane na nani? Wale wanawake wawili hawakupata haki. Sasa na hii yangu mninyang'anye?"

Kamati ilikwisha kumwachia Bi Foibe uamuzi. Akimpunguzia Ngonyani, wachezaji watakuwa sawa, na wake zao watatu watakuwa sawa pia, kwa kudhulumiwa. Akiiacha adhabu ilivyo, nani tena atakiri mbele ya kamati? Kila mume katika ligi atajifunza kukana.

Editruda hakuondoka. Alivuta kiti, akaketi, akaingoja kalamu.

Haya, wasikilizaji wangu. Msiniambie kamati ilikosea. Hilo hata mbuzi wanaokula nyasi za uwanjani wanalijua. Mimi nawauliza hivi: kiti cha Bi Foibe kingekuwa chako, na Editruda anakutazama, je, ungeandika nini?