Kwa Nini Mgeni Huulizwa Neno Kabla ya Salamu

Zamani, kabla bibi yangu hajazaliwa, watu wa mlima huu hawakuwa wakisema jambo moja kwa moja. Aliyetaka chumvi alisifu kwanza mboga za mwenyeji, akauliza habari za mbuzi, mpaka mwenyeji aelewe mwenyewe. Aliyesema waziwazi alihesabiwa kuwa hakulelewa. Na mbele ya mkwe ndiyo kabisa.

Siku hizo mlinzi wa ndiva, lile bwawa la kukingia maji ya mashamba, alikuwa Senkondo. Asubuhi moja ya masika aliona ukuta wa ndiva unavuja chini, udongo unamomonyoka. Bondeni palikuwa na nyumba moja tu, ya wakwe zake, Nakijwa na mumewe Mndeme, mzee aliyekuwa hawezi tena kutembea. Senkondo akateremka mbio.

Alipofika mlangoni alijifuta matope, akasalimu. Nakijwa akampa kigoda na uji. Senkondo akauliza habari za maharage, kisha akasema, "Mama, maji ya mwaka huu ni mengi."

"Ni mengi, mwanangu. Tushukuru."

"Kwetu huko juu ni pakavu. Mngekuja kututembelea, hata leo."

Nakijwa alidhani analalamika kwamba hawaendi kumwona binti yao. Akaahidi kwenda baada ya mavuno, akamwongezea uji. Senkondo aliupokea, maana kuukataa kungekuwa kumdharau mkwe.

Hakuumaliza. Ukuta ulipasuka, maji yakashuka. Alimvuta Nakijwa hadi juu ya mwamba, na alipogeuka kumfuata mzee, nyumba haikuwepo.

Walimpata Mndeme siku ya tatu. Baada ya mazishi Nakijwa alimwita mkwewe mbele ya watu.

"Ulipofika mlangoni kwangu, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, mama."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuheshimu."

"Heshima yako niliiona," alisema Nakijwa. "Mume wangu ndiye simwoni."

Watu walitaka Senkondo afukuzwe. Nakijwa alikataa. Alisema kila aliyekuwa pale angefanya vilevile, na kwamba yeye mwenyewe angemwona mkwewe hana adabu kama angeingia akipiga kelele.

Miezi ikapita. Siku moja Senkondo alifika kwenye kibanda alichomjengea mkwewe kando ya bonde. Nakijwa alisimama mlangoni, hakutoa kigoda.

"Una neno?"

Senkondo hakuwahi kumsemesha mkwe bila salamu. "Binti yako ana uchungu tangu jana. Mtoto amekaa vibaya. Atakufa."

Nakijwa hakuuliza la pili. Alichukua kitenge chake akapanda mlima, yeye aliyekuwa amezalisha wanawake wengi. Jua lilipofika utosini mtoto alilia, na mama yake akapona.

Na tangu siku hiyo, mgeni akifika mlangoni huku kwetu, kigoda hakitolewi mpaka aulizwe kama ana neno. Akisema hana, ndipo salamu huanza, nazo ni ndefu kama zilivyokuwa. Watu wa mbali huona tumekosa adabu. Husimama nje wakinuna, nasi tunawangoja wajibu.