Manjano ya Wodi ya Wazazi

Manjano hayatembei, hutembezwa. Raudha, umefika sasa hivi kutoka chuoni, umenyoosha mikono unataka kumpakata huyu kitukuu wangu, nami nimekujibu kwa methali. Wewe na mwenzio huyu wa chuoni mnasema hata mwalimu wenu wa uuguzi huitumia, mnaniuliza aliitoa kitabu gani. Haikutoka kitabuni. Ilitoka kwenye mikono ya mama yako mkubwa, binti yangu Tatu. Kaeni niwaambie ilivyozaliwa.

Tatu alijifungua kwa kupasuliwa, tukalazwa wodi ya wazazi. Nasema tukalazwa kwa sababu nilikuwa naye kutwa kucha, nikamsaidia kula chakula cha mgonjwa mpaka nikanenepa kuliko mzazi. Kila asubuhi nilimpaka manjano na mafuta ya nazi mikononi na miguuni, kama desturi yetu. Kidonda sikukigusa, maana Sista Shemboza, mkuu wa wodi, alishanionya, na yule mama alikuwa haonyi mara mbili.

Kitanda cha kwanza, pale mlangoni, alilazwa Semeni. Alishazika watoto wawili kabla ya huyu aliyemzaa, kwa hiyo furaha yake haikuwa na mpaka. Alizunguka wodi nzima akiwasifia watoto wa wenzake: huyu ana nywele, huyu atakuwa na miguu ya mchezaji mpira. Mara vitovu vya vichanga vikaanza kutoa usaha, leo huyu, kesho yule. Cha mwanawe Semeni kikabaki kikavu kama kikonyo cha boga. Basi wakanong'ona kwamba Semeni ana kijicho, kwamba sifa zake ndizo zinazowadhuru watoto. Mimi hawakunishuku, ingawa kwa sura ndimi niliyestahili.

Tulikuwa pia na mwanafunzi wa uuguzi, Eliwaza, binti wa Kipare, mpole, kila mzazi alimpenda. Alivaa glavu zake mlangoni, akaanza na mtoto wa Semeni, akaja kwetu, kisha akaingia ndani kitanda kwa kitanda, akisafisha vitovu na kumbembeleza kila anayelia. Glavu hakuzivua mpaka amalize kitanda cha mwisho. Aliamini kwamba aliyevaa glavu yu safi, kunawa kwa nini tena?

Asubuhi moja, Eliwaza akiwa bado anazunguka, mtoto wa kitanda cha dirishani akachemka homa, akakataa ziwa. Mama yake alibeba beseni la Semeni, kanga zake na chupa yake ya chai, akavibwaga barazani. Wengine wakamwambia Semeni avifuate. Alimfunika mwanawe uso kama mtu aliyeficha kitu cha wizi, akasimama mlangoni hajui aende wapi.

Sista Shemboza akaja. Kwanza alimfungua yule mgonjwa amtazame. Pembeni ya kitovu palikuwa na alama ya manjano. Akamfungua wa jirani, manjano. Na wa pili yake, manjano. Akauliza nani anawapaka watoto. Wote wakanitazama mimi.

"Sista, mimi ni mchoyo," nikamwambia. "Waulize hata majirani zangu. Manjano yangu ni ya Tatu peke yake."

Akaenda mlangoni, akamfunua mtoto wa Semeni. Hakuwa na hata doa.

Hapo Eliwaza akainua mikono yake. Ncha za glavu zilikuwa za njano.

"Ni mimi," akasema. "Nimempokea mtoto mikononi mwa dada Tatu, nikaendelea hivihivi. Lakini nilivaa glavu muda wote, Sista."

"Umejikinga wewe. Semeni unamfikia glavu zikiwa mpya. Hawa wengine wanapata ya wenzao."

"Sikujua kama yanatembea."

"Manjano hayatembei, Eliwaza. Hutembezwa. Na usaha vilevile, ila huo hauachi doa la kutuonyesha."

Mtoto wa dirishani akapelekwa kwa daktari, akachomwa sindano siku kadhaa, akapona. Leo ni fundi makanika, mikono yake michafu kuliko ya mtu yeyote hapa mjini. Mama yake mwenyewe ndiye aliyerudisha beseni na kanga za Semeni, hakuweza kumtazama usoni. Maana na lile neno la kijicho halikuwa na miguu. Tulilitembeza sisi, kitanda kwa kitanda.

Eliwaza alivua glavu, akaenda kwenye karai la maji, akanawa huku akilia. Akanawa, akanawa, mpaka Semeni akamfuata na mwanawe mkononi.

"Basi, mdogo wangu," akamwambia. "Usiichubue ngozi, bado tunaihitaji. Nishikie huyu nikanywe chai yangu kabla hawajaitupa tena."

Akamkabidhi.

Kwa hiyo Raudha, sikukunyima mtoto. Umetoka kwenye basi, umeshika chuma alichoshika kila abiria, na simu hiyo hujaiweka chini tangu uingie. Manjano hayatembei, hutembezwa. Bomba liko uani, na sabuni iko juu ya pipa.