Kikao cha Miguu Juu

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipopenda vikao kuliko chakula, Pimbi aliishi na mkewe na watoto ndani ya ufa wa jabali. Ufa wenyewe mwembamba! Ukiingiza mkono, kiwiko kinabaki nje.

Siku moja Tembo akaitisha kikao mlangoni pa Pimbi.

"Hoja ni moja," akasema kwa sauti nzito. "Pimbi ahame leo, nyumba yake iwe ukumbi wetu wa mikutano."

Ebo! Tembo aingie kwenye ufa! Kiboko aliutazama ule ufa, akalitazama tumbo lake. Nyati naye vivyo hivyo. Kila mmoja alidhani wenzake wameelewa jambo ambalo yeye halijui.

"Naunga mkono!" akasema Kiboko.

"Hata mimi!" Nyati akadakia.

Ndani, mke wa Pimbi alikuwa akilia huku akifunga virago. "Baba watoto, tutalala wapi?"

"Usifunge bado." Pimbi akachomoka, chwi! "Mheshimiwa mwenyekiti, utaratibu! Mmeunga mkono, lakini mikono yenyewe siioni."

Wakatazamana. "Sisi tuna miguu tu," Nyati akanong'ona.

"Basi nyoosheni miguu. Mmoja ni kukubali shingo upande. Anayekubali kwa moyo wote hunyoosha yote minne."

Nani atake kuonekana wa shingo upande? Puu! Tembo chali. Puu! Kiboko. Puu! Nyati.

"Safi sana! Sasa atakayeshusha ndiye anayepinga. Ngojeni nihesabu."

Akahesabu, akajifanya amesahau, akaanza upya. Jua likawaka. Ngozi ya Kiboko ikakauka, kra, kra. Nzi akaingia puani mwa Nyati akatulia humo.

"Mwenzangu, umechoka?" Nyati akamuuliza Kiboko.

"Nani, mimi? Labda wewe!"

"Mimi? Hata kidogo!"

Mwishowe Tembo mwenyewe akalia, "Jamani, mimi simo tena! Mle hata mkonga wangu haupiti!"

"Kumbe nawe uliona?" Kiboko akafoka. "Sisi tulikufuata wewe!"

"Na mimi nilingoja mnikataze!"

Miguu yote ikashuka kwa kishindo.

"Hoja imeanguka," Pimbi akatangaza, "kama mlivyoanguka nyinyi." Akarudi ndani, akamwambia mkewe afungue virago ateleke uji.

Nimemaliza, nanyi shusheni miguu: usiunge mkono jambo ambalo macho yako yenyewe yanalikataa.