Miwani Ndani ya Soksi

"Mficha miwani husoma kalenda." Mjomba wenu alimwambia Aikande maneno hayo asubuhi hii, baada ya binti kujifanya anakijua cherehani mpaka sindano ikavunjika. Mkacheka wote, na hakuna hata mmoja aliyejua anachekea nini. Sasa mnakuja kuniuliza mimi. Haya, vuteni vigoda, na mikono iendelee kuchambua maharage, maana kinachosikiliza ni masikio. Nami niacheni nije taratibu. Nikishika ukuta si kwamba siwezi kutembea, naupenda tu ukuta huu.

Methali nyingine hatujui nani alizianza. Hii naijua, kwa sababu nilikuwepo chumbani, na kalenda yenyewe niliitundika kwa mkono wangu.

Wakati huo nilikuwa muuguzi kwenye kliniki ndogo ya Daktari Nyamizi. Pamoja na homa na vidonda vya kila siku, daktari huyu alikuwa na kibali cha kupima afya za marubani. Msishangae. Nje ya mji, pembeni ya mashamba ya mkonge, kulikuwa na kiwanja cha ndege cha vumbi tupu, na hapo wastaafu wachache walikuwa na kijindege cha viti viwili. Walikirusha kwa zamu, kwa kujifurahisha tu. Wenzao wakistaafu hufuga kuku, hawa walifuga ndege.

Mmoja wao alikuwa Mwalimu Senkondo, mwalimu mkuu mstaafu wa miaka sabini na miwili. Kazi yake kubwa miaka thelathini ilikuwa kukamata wanafunzi wanaonakili mitihani. Karatasi ukiificha kwenye kiatu, anaiona. Ukiificha kwenye nywele, anaiona. Daktari Nyamizi mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake, na mpaka amekuwa daktari alikuwa akimwamkia kwa kupiga goti kidogo.

Sasa, mke wa Mwalimu, Mama Namkunda, alikuwa amekataa kupanda kile kijindege tangu siku ya kwanza. Alisema Mungu angetaka aruke angemwambia. Lakini mwaka ule alikuwa anatimiza miaka sabini, akamwambia mumewe, "Jumamosi ya sikukuu yangu nipandishe. Nataka kuiona kwa juu ile njia ya Usangi niliyokuwa nikipanda na mzigo kichwani nilipokuwa msichana. Mara moja tu, halafu nitanyamaza." Mwalimu alisubiri maneno hayo miaka kumi na minne. Alifurahi mpaka akamtangazia kila mtu sokoni.

Kikwazo kilikuwa cheti chake cha afya. Kilikuwa kimekwisha muda, na bila kipya hagusi ndege. Mwili wake haukuwa na tatizo. Shida ilikuwa macho. Mwaka mmoja nyuma alianza kuona ukungu kwa mbali, akapimwa mji mwingine kabisa, akapewa miwani, na mtu pekee aliyejua ni mkewe. Pale kiwanjani kulikuwa na imani kwamba rubani akivaa miwani, basi, kazi imekwisha. Imani hiyo ililetwa na mzee mmoja aliyenyimwa cheti huku miwani iko usoni. Kumbe yule alikuwa na ugonjwa wa kuzimia. Lakini watu waliona miwani, hawakuona kuzimia.

Basi Mwalimu alipokuwa angani peke yake alivaa miwani, na akikaribia kutua anaivua ili wenzake wasimwone. Ndiyo maana siku hizo kijindege kilikuwa kikigusa ardhi kinaruka, kinagusa tena kinaruka, kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Akishuka anausingizia upepo.

Wiki moja kabla ya kupimwa, alikuja kliniki na mkungu wa ndizi. Akaniambia amekuja kunijulia hali tu. Mimi nikaguswa. Nilikwenda kutafuta mahali pa kuweka zile ndizi, nikamwacha chumbani peke yake kama dakika tano. Mzee mzima akavaa miwani, akatoa kalamu, akainakili chati yote ya macho kwenye karatasi. Mwalimu Senkondo huyo huyo. Wiki nzima akawa anapalilia mahindi huku anatamka herufi. Mama Namkunda alidhani mume ameanza kusahau na sasa anajikumbusha alfabeti, akawa anamwonea huruma na kumwongezea maziwa.

Yeye hakujua kwamba siku ya pili yake fundi rangi alikuja. Ukuta ulipakwa, chati ikahamishiwa ukuta wa nyuma, karibu na mlango. Ukuta wa mbele ukabaki na msumari mtupu. Nikaona haupendezi, nikautundikia kalenda tuliyopewa na wauza chakula cha mifugo. Ilikuwa na picha kubwa ya ng'ombe wa maziwa, mweupe mwenye mabaka meusi, na chini yake tarehe.

Siku ikafika. Mwalimu akaingia amevaa suti, anachechemea.

"Shikamoo, Mwalimu. Mguu una nini?" daktari akauliza.

"Marahaba, mwanangu. Mguu mzima kabisa."

Nikamwomba avue viatu apande kwenye mizani. Akakataa. Akasema miguu yake inanuka na hapendi kutuaibisha. Nikampima hivyo hivyo, nikakadiria viatu. Presha ilikuwa nzuri, moyo ulikuwa wa kijana, masikio yanasikia mpaka umbea wa barazani. Daktari alikuwa anaandika huku anatabasamu, akafika kwenye macho.

"Mwalimu, sogea pale kwenye mstari. Sasa tusome..."

Hakumalizia. Mzee aliukabili ukuta wa mbele, kifua kimetoka, akaanza. "Juu kabisa, ile kubwa, H. Mstari wa pili, K, R. Wa tatu, D, N, S." Akashuka hivyo mstari kwa mstari, bila kusita, mpaka zile ndogo za mwisho ambazo hata mimi na macho yangu ya wakati ule nilizisoma kwa shida. Mimi nilikuwa nimeshika beseni, nikaliinua likanifunika mdomo.

Daktari Nyamizi akaweka kalamu chini. Akamwangalia ng'ombe, akamwangalia mzee.

"Ile kubwa ya juu, Mwalimu, una uhakika ni H?"

"Kama ninavyolijua jina langu."

"Mwalimu, nikuulize la shuleni. Mtahiniwa akitoa majibu sahihi ya swali ambalo halikuulizwa, ulikuwa unampa alama ngapi?"

"Sifuri," akajibu upesi, kwa mazoea. "Na namwita mzazi wake."

"Basi naomba usogee karibu na ukuta."

Akasogea, hatua moja, mbili, tatu. Alipokuwa karibu kabisa akasimama, wakatazamana uso kwa uso na ng'ombe. Nilitaka kucheka, wajukuu zangu, lakini nilipoyaona mabega yake yanavyoshuka, kicheko kikanikauka. Alikuwa haoni aibu ya kalenda. Alikuwa anaiona Jumamosi ya mkewe inampotea.

"Miwani iko wapi?" daktari akauliza kwa upole.

"Kwenye soksi."

"Na ukitua unaivaa?"

Akatikisa kichwa.

Hapo daktari akakasirika kwelikweli, mara ya kwanza namwona hivyo. "Kabla ya kuruka unaizunguka ile ndege, unagusa kila skrubu, unachungulia mafuta kama yameingia maji. Ukikuta gurudumu limepungua upepo unalijaza, hulifuniki kwa kitambaa. Halafu wewe mwenyewe unajificha kwenye soksi. Jumamosi ungemtua vipi Mama Namkunda? Kwa kukariri?"

Mzee alitoa machozi. Akasema, "Ninyime tu cheti, mwanangu. Nastahili."

"Nikunyime kwa lipi? Vaa miwani, geuka, usome chati ile ya nyuma."

Akainama, akavua kiatu. Miwani ilikuwa imepinda mkono mmoja kwa kukanyagwa, ikamkaa usoni upande upande. Akasoma chati yote kutoka juu mpaka chini, safari hii taratibu, na kwenye mstari wa mwisho akakosea herufi moja tu. Daktari akaandika cheti, na chini yake akaongeza: awe amevaa miwani kila anaporuka, na abebe nyingine ya akiba.

Mwalimu akakisoma mara mbili. "Kumbe miwani inaruhusiwa? Tangu lini?"

"Tangu kabla sijazaliwa. Ungeuliza, Mwalimu."

Jumamosi alimpandisha mkewe. Mama Namkunda alichungulia njia ya Usangi tangu tambarare mpaka kileleni, halafu akalalamika, "Ndiyo kafupi hivi? Na nilivyolia mle." Kijindege kikatua kimyakimya, hata vumbi halikujua.

Siri ya mgonjwa sikuitoa mimi. Aliitoa mwenyewe palepale kiwanjani, ng'ombe na yote, miwani ikiwa usoni. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Kisha mzee mmoja akaacha kucheka, akaingiza mkono kwenye koti, akatoa miwani. Wa pili akatoa ya kwake kwenye mfuko wa nyuma. Ndipo Mama Namkunda akawaambia wote watatu maneno ambayo leo yamefika mpaka kwenye cherehani cha Aikande.

Unasemaje, Aikande? Usinong'one, sema nisikie. Unauliza ule mkongojo niliopewa na daktari wakati wa Pasaka uko wapi.

Uko nyuma ya kabati, mjukuu wangu. Nenda kaulete. Mficha miwani husoma kalenda.