Mtu wa Kulinganishia

Haki ya Mungu, ardhi inimeze hapa hapa nilipokaa, kila neno nitakalosema ni kweli! Kusini yote hii hakuna anayeijua habari hii kama mimi.

Mtu mmoja, Nalinga, alikuwa na mdogo wake, Chitanda. Nyumba zao zilitazamana, na miaka tisa hawakusemezana, kisa mkorosho ulioota mpakani.

Siku moja wakaja watafiti na gari lao. Wakasema wamepima watu wengi kuliko mchanga, wakaona kwamba mtu akimwendea kila asubuhi yule aliyekosana naye, akamwambia neno jema, moyo hutulia na usingizi hurudi. Ila walitaka kuhakikisha. Basi kila mtu akachukua kikaratasi ndani ya ndoo. Mwenye cha kijani afuate shauri. Mwenye cheupe aishi kama kawaida yake, awe wa kulinganishia, mpaka warudi baada ya mwaka.

Chitanda akatoa cha kijani. Nalinga akatoa cheupe, kifua kikamjaa. Akajiona yeye ndiye mizani, wengine wote ni mizigo. Vijana wakamwita Mzee Kipimo, naye akaitika kwa fahari.

Kesho yake alfajiri Chitanda akasimama mlangoni pa kaka yake. "Shikamoo, kaka. Umeamkaje?"

Jibu likamfika Nalinga kooni, la moto. Lakini akakumbuka: kama kawaida. Na kawaida yake ilikuwa kununa. Akanyamaza.

"Utafiti gani huo, baba Somoe," mkewe akamuuliza, "unaokuziba mdomo kwa mdogo wako na kukuachia wazi kwa ugali?"

"Wewe hujui sayansi."

Ikawa hivyo kila alfajiri. Mwezi wa nne Chitanda akaumwa tumbo siku mbili, akafa. Nalinga alichimba kaburi kwa mikono yake, jicho kavu. Asubuhi iliyofuata, kabla jogoo hajawika, akasikia mlangoni:

"Shikamoo, kaka. Umeamkaje?"

Mkewe, ubavuni pake, hakusikia kitu. Kulipokucha Nalinga akatoka. Kwenye mchanga uliofagiwa jana kulikuwa na nyayo za miguu mitupu zimekuja mpaka kizingitini. Za kurudi hazikuwepo. Kesho yake zikaongezeka nyingine kando ya zile. Mkewe alifagia juu ya nyayo hizo asione lolote, na nyayo zikabaki. Mwaka ulipokaribia kwisha uwanja ulijaa kama watu wamepanga safu, vidole vyote vimeelekea mlango wake. Naye hakuitikia. Sasa ilikuwa hofu, ila yeye aliiita utafiti.

Watafiti wakarudi. Nalinga akamsimulia yote mmoja wao, dada mwenye daftari, huku akidai sifa yake: hakuvunja sharti hata siku moja. Dada akaacha kuandika.

"Baba, tulikwambia usifuate shauri letu. Hatukukwambia usimwitikie ndugu yako."

Alfajiri iliyofuata Nalinga alikuwa amesimama, mkono kwenye komeo. Akangoja. Sauti haikuja. Akafungua mlango, akasema, "Marahaba, mdogo wangu. Nimeamka. Nimeamka!" Uwanja ulikuwa laini kama unga uliochekechwa, hauna hata alama ya kuku.

Tangu siku hiyo, kila kunapopambazuka, yeye ndiye anayevuka. Anasimama mbele ya nyumba ya Chitanda, nyumba tupu, mlango umepigiliwa misumari. Anasema, "Umeamkaje, mdogo wangu?" Anategesha sikio. Na ndani kuna mtu anapumua. Nalinga anamsikia vizuri kabisa. Huyo wa ndani haitikii.

Nyinyi mnaoyajua mashauri yote mema na kuyatumia kuwapimia wenzenu, leo alfajiri ni nani aliyewasalimu msimwitikie?

Lakini jamani, nawaomba, haya yaishie hapa, msimsimulie mtu. Nalinga yu hai, na shida za asubuhi zinamtosha.