Kihenge Kilichodhaniwa Kitupu

Wazee walipotuambia kwamba akiba haiozi, walimaanisha kuwa jasho alilolitunza mtu siku ya neema humrudia siku ya dhiki, hata kama wenzake walimcheka. Asiyesadiki na aende kijijini Mtinko, Singida, akamuulize Gabrieli, kama Gabrieli mwenyewe atakubali kusema kweli.

Damari, mkewe Gabrieli, alikuwa na bustani bondeni karibu na kisima. Aliimwagilia kwa kata, na kila alichovuna alikigawa: nusu chunguni, nusu juani. Majani ya kunde aliyachemsha kidogo akayaanika, mlenda akaukausha na kuutwanga, viazi vitamu akavikata vipande na kuvianika kuwa michembe. Vyote vilipanda kwenye kichanja juu ya meko, vikanuka moshi mwaka mzima.

Moshi ule ulimkera Gabrieli. Ulikuwa mwaka 1997, soko huria limepamba moto, malori ya wafanyabiashara yanafika hadi mlangoni. Aliuza mtama wote wa kihengeni, akarudi na redio kaseti yenye spika mbili, akaifungulia mpaka ng'ombe wa jirani wakageuza shingo.

Mwishoni mwa Novemba, wakwe kutoka Misigiri wakatuma habari kwamba wanakuja kupatana mahari ya Eliana, binti wa pekee wa Gabrieli na Damari. Gabrieli akaona siku yake ya kung'ara imefika. Akaagiza mchele, kabichi na nyama kwenye lori la Jumamosi kutoka Singida mjini.

"Mama Eliana, zile takataka za kichanjani katupe," alisema. "Wakwe wakinusa harufu ile watasema wamekuja kuoa kwa maskini. Siku hizi kila kitu kipo dukani."

"Nimesikia, Baba Eliana."

Kusikia, alisikia. Kutupa, hakutupa. Alivihamishia kihengeni, pamoja na uwele na karanga za kishamba chake, mahali ambapo mumewe hakuwa tena na sababu ya kuchungulia.

Wakwe watano walifika Ijumaa jioni, na mvua ikafika nyuma yao, ile iliyokuja kuitwa Elnino. Asubuhi redio ikatangaza kwamba daraja limesombwa na barabara ya mjini imefungwa. Gabrieli akaizima kana kwamba ndiyo iliyolivunja. Kuku walikwisha kufagiliwa na ugonjwa wa kideri, mashamba ndiyo kwanza yamepandwa, na kwenye duka la kijiji kulibaki sabuni na viberiti. Na huko, wakwe wakiondoka na njaa, posa nayo huondoka nao.

Alimfuata mkewe jikoni. "Tumeumbuka, Mama Eliana. Mtoto wetu ataachwa kwa sababu yangu."

Damari alitamani kumwacha aive kidogo, na ilikuwa haki yake. Lakini alimwona Eliana amejiinamia karibu na meko, akifuta machozi kwa upande wa khanga, moyo ukamlainika.

"Chukua ungo, ukafungue kihenge."

"Si kitupu kile?"

"Nenda tu."

Gabrieli alirudi polepole, ungo umejaa hadi pomoni. Akautua bila kumtazama mkewe usoni.

Damari aliloweka majani ya kunde, akayaunga kwa karanga za kutwanga. Akapika mlenda, akasonga ugali wa uwele, akachemsha na michembe. Scola, mama wa kijana aliyeposa, alionja mboga, akaonja tena.

"Mboga hii kakausha nani?"

Gabrieli akainamisha kichwa.

"Ni mimi, mkwe," alisema Damari.

"Na huyu binti, anajua?"

"Hayo majani ya kunde kaanika yeye."

Scola akaachia kicheko. "Afadhali! Njia nzima roho ilikuwa juu. Niliambiwa nyumba hii chakula chao kinashuka kwenye lori!"

Wote wakacheka, hata Gabrieli, ingawa kicheko chake kilichelewa kidogo. Wakwe walikaa siku tatu wakila na kushiba, na mahari ikapatanwa mvua ikiwa bado inapiga bati.

Barabara ilipofunguka, Gabrieli hakukimbilia mjini. Alikata miti, akajenga kichanja kipya, kipana mara mbili ya kile cha zamani, na pembeni yake akaitundika redio, nayo ikaanza kunuka moshi. Tangu hapo, mtu akimchokoza kuhusu harufu ya nyumba yake, hujibu bila kuona haya: akiba haiozi.