Wastani wa Nyani

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa wapi?
— Shambani kwa Kuchakulo!

Hapo kale Kuchakulo, yule kindi wa ardhini, alilima karanga, nazo zikakubali. Siku ya kuzing'oa akatokea Nyani, kifua mbele.

"We kidude! Karanga zangu hizo."

"Mjomba, wanangu watakula nini?"

"Watakula upepo."

Kuchakulo alijua kwa mabavu hamwezi. "Ah, mjomba! Dume kama wewe uninyang'anye kama kibaka? Tushindane manati, kila mmoja mara mbili. Atakayepasua kile kibuyu mtini, shamba lake."

"Haya! Leo utahama!"

Kuchakulo akaleta vikapu viwili: komwe za bao na kokoto za mtoni. "Tuzijaribu kwenye kichuguu, kisha uchague."

Komwe zikalia: fyuuu-ta! Fyuuu-ta! Fyuuu-ta!

Kokoto zikalia: fyu-ta! Fyuuuuuu... ta. Fyuu-ta!

"Lo! Ile kokoto ya kwanza ina mbio!" Kuchakulo akapaza sauti. Moyoni akatubu: Mola nisamehe, sikusema uongo, nimekaza sauti tu.

Nyani macho yakamtoka. "Kokoto zangu! Wewe na komwe zako kachezeni bao."

Nyani akalenga, akavuta. Fyu! Ikapita juu ya kibuyu. Akalenga palepale, akavuta. Fyuuuuuu... ikapita chini ya kibuyu.

Ikawa zamu ya Kuchakulo. "Bismillahi." Fyuuu! Komwe ikapita chini kidogo.

"Kwi kwi kwi! Hama, bibi, hama!"

Kuchakulo hakubabaika. Komwe ya pili itakwenda kama dada yake, hilo alilijua. Akainua manati kidogo tu. Fyuuu-pwaa! Kibuyu vipande vipande.

"Ngoja!" Nyani akaruka. "Yangu moja juu, moja chini. Changanya, gawa: kwa wastani nimepiga katikati! Nipe karanga!"

"Kweli, mjomba, hesabu ni hesabu." Kuchakulo akawaita wanawe, wakaketi, wakala, kachu-kachu-kachu, mpaka matumbo yakawa ngoma. Nyani anameza mate.

"Na mimi je?"

"Sisi tumevimbiwa, wewe una njaa. Changanya, gawa: kwa wastani, mjomba, umeshiba. Mshukuru Mungu, uende zako."

Funzo, wanangu: mwenye nguvu hana haja ya kulenga. Akosee juu, akosee chini, huyo ndiye fundi. Msiponiamini mimi, muulizeni Nyani, kama tumbo litamwacha ajibu.

Ngano nimeifunga. Palipokolea ni pa Mwenyezi Mungu. Palipochacha ni pangu.